Nafasi Kumi na Mbili za Kiangazi

Mtaa wa Stara Planina 14,
Sevlievo, Bulgaria.
24 Juni 2019.

Mpendwa mwanangu Velichka,

Nisamehe kwa kimya changu cha tangu Pasaka. Sikuugua. Nilikuwa na hasira, wala si kwako, na nilifunzwa kutoandika barua nikiwa na hasira. Haijaniisha, ila muda unatuishia.

Hujambo wewe na mume wako? Mguu wa mama yako unaendeleaje baada ya kuondolewa plasta? Mwambie huyo mdogo wangu aache kiburi na ngazi za huko kwenu Valensia. Sisi tu wazima. Cheri zimeiva, na mwanangu Krum amevunja tawi kama kila mwaka.

Kinachonisumbua ni mjukuu wangu Ralitsa, binti ya Krum. Amemaliza darasa la kwanza, lakini hajui kusoma. Kitabu amekikariri chote, hukisoma kwa kutazama picha. Nilipozifunika kwa kiganja, alinyamaza. Kalamu anaishika kama mwiko. Mwalimu wake amesema kwamba asipoweza kusoma ukurasa mmoja na kuandika herufi za kuunganisha shule zitakapofunguliwa Septemba, wazazi wataombwa wakubali arudie darasa. Wenzake wameshasikia. Siku hizi hatoki kwenda kucheza.

Utauliza kwa nini nisimfundishe mimi, mwalimu wa miaka thelathini na sita. Nilijaribu wiki mbili, akalia kila siku, hadi Krum akaninyang'anya daftari. "Inatosha, Mama. Mimi ulinifundisha hivihivi, na mpaka leo sipendi vitabu."

Tukatafuta masomo ya kiangazi. Nyumba ya utamaduni ina ngoma tu. Kituo kimoja kilitangaza mwandiko mzuri kwa siku kumi. Nikakuta watoto wanachora herufi kwa kidole juu ya kioo cha kompyuta. Kijana mwenye kituo akacheka: "Bibi, siku hizi nani anaandika kwa mkono?" Nikamwambia tangazo la mlangoni kwake aliliandika kwa mkono, tena lina makosa manne.

Yalibaki masomo ya Mwalimu Yordanka katika shule ya jirani, nafasi kumi na mbili tu. Uandikishaji ulikuwa Jumatatu, saa mbili asubuhi. Jumamosi nikakuta akina mama wamebandika orodha yao langoni, kama ilivyo desturi yetu: unaandika jina, unarudi kila baada ya saa tatu kuitikia, na asiyeitikia anafutwa. Mmoja akaninyooshea kalamu. "Andika, Mwalimu, utakuwa wa tisa." Nikamjibu kwamba karatasi isiyo na muhuri si hati. Jumatatu nilikuwa wa kwanza mlangoni. Karani akaichukua karatasi ileile isiyo na muhuri, akaisoma kuanzia juu mpaka nafasi zikaisha.

Mkwe wangu Sevda, mkewe Krum, akasema, "Haya, Mama, sasa muhuri umfundishe mtoto." Nilistahili.

Nakuja kwenye ombi, nalo linanichoma. Mama yako amemwambia Krum kwamba shule yenu ya Jumamosi, mnayowafundishia watoto wa Wabulgaria waliozaliwa huko, ina wiki nne za kusoma na kuandika mwezi wa Agosti, na kwamba wewe hufundisha watoto sita tu, bila kumpigia mtu kelele. Mtoto aliyezaliwa Sevlievo apande ndege kwenda Uhispania kujifunza kuandika Kibulgaria! Niliwaambia majirani kama mzaha. Hakuna aliyecheka.

Je, nafasi ipo? Na utamvumilia mtoto anayedanganya kwa sababu ya aibu? Sevda anataka aende. Krum anaona ni mbali mno kwa mtoto wa miaka saba. Mimi nilipinga kuliko wote. Jana Ralitsa aliniuliza kama huko kwa Shangazi Velichka kuna watoto wanaojua kwamba hajui kusoma. Nikamwambia hakuna.

"Basi nitaenda," akasema.

Tangu hapo sijapinga tena.

Msalimie mama yako Penka, mumeo Ognyan na mapacha wenu. Mungu awakinge na joto la huko, na asiwapunguzie mkate mezani. Jibu lako likitufikia tutakaa wote wanne, Ralitsa akiwemo, na siku tutakayoamua nitakuandikia, hata kama ni hapana.

Mimi mama yako mkubwa, nikupendaye ingawa sisemi mara nyingi,
Tsonka