Mkojo wa Rosheen

Kildare, Jumapili

Kaka Fintan,

Mvua haijakatika, paka kazalia juu ya tandiko langu, na baba yako atanipandisha presha.

Nilifunga kamera bandani, nikabadilisha kufuli, nikamfukuza hata padri na karoti zake, asije mtu akampa farasi wetu Rosheen dawa kabla ya mbio. Bado wakaguzi walipompima mkojo wakakuta mofini, ile dawa kali ya maumivu, wakamzuia kukimbia. Kijiji kizima kinanitazama kama mwizi.

Jana nimemfuma Baba bandani, anakojolea nyasi anazolalia Rosheen. Na yule farasi mlafi huzitafuna!

"Baba, choo si hicho hapo?"

"Wee Nuala, nakojoa humu tangu hujazaliwa. Usinifundishe banda."

"Unakunywa dawa gani?"

"Za nyonga. Niache."

Nimepekua koti lake, Fintan. Ni mofini, na nyonga mbovu haipewi mofini. Nikampigia daktari wake. Hakusema ugonjwa, aliniuliza tu kama unaweza kuja nyumbani kabla ya Krismasi.

Leo asubuhi mzee kakojoa tena mlemle. Nimebadilisha nyasi, sikumfokea.

Njoo.

Dadako,
Nuala