Papa Deo, Nilitia Maji ya Pipa

Papa Deo,

Nakusihi, neno hata moja la barua hii lisitoke. Usimwambie yeyote huko uliko, hata wale uliowakuta. Huku hakuna ajuaye ila mimi.

Tangu tukuzike, meneja wa kituo amenikabidhi sanduku lako, lile la kukuza viazi mbegu bila udongo, mizizi ikining'inia gizani na pampu ikiirushia ukungu wa maji yenye mbolea. "Sisi, wewe ndiye uliyekuwa ukimwandikia daftari," alisema, kwa "sisi" yao ya huku, yaani dada. "Sasa lilee." Mimi, karani! Nilikubali kwa sababu niliogopa kukataa.

Nakumbuka ulivyolijenga kwa mbao na plastiki nyeusi, baada ya kuchoshwa na vyungu vya udongo vilivyokupa viazi vichache na magonjwa mengi. Siku shina la kwanza lilipozaa, ulinivuta mkono: "Madamu Kalamu, kuya uone! Kiazi iko inazaa mu hewa, na weye uko unatafuta kifuniko ya biki!" Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Kisha ukagusa tangi. "Lakini maji ni moya kwa yote. Shina moya ikigonjwa, yote inagonjwa."

Papa, nimeyaambukiza mimi.

Mchana mmoja maji ya bomba yalikatika. Tangi lilikuwa linakauka, pampu inakoroma, meneja yuko mjini. Nilijua mizizi ile haivumilii ukavu. Nikakimbia na ndoo hadi kwenye pipa la kuoshea viazi vya kula, vile vinavyotoka mashambani na matope yake. Matope yalikuwa yametulia chini. Nikachota juu juu, taratibu, nikajiona nina akili. Kwenye daftari, mstari wa maji, sikuandika kitu.

Wiki tatu baadaye shina la pembeni lilinyauka, ilhali mizizi yake imelowa chapachapa. Nikafanya ulivyonifundisha: nikalikata, nikalining'iniza ndani ya glasi ya maji safi, nikatazama. Niliomba, Papa. Uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka kutoka kwenye shina, ukashuka hadi chini ya glasi.

Mnyauko wa bakteria.

Na viazi vyenyewe vinang'aa! Jana meneja alivijaza kiganjani. "Eish, sisi, vizuri hivi? Andika ni safi. Alhamisi wakulima wanakuja kuchukua." Ni wale akina mama wa milimani, wale wanaokuulizia mpaka leo. Wakivipanda, ugonjwa utakaa kwenye udongo wao miaka, na wao watadhani ni mvua.

Niliinamisha kichwa tu, akadhani nimekubali. Nikifukuzwa, nani atamwajiri mtu mwenye karatasi ya ukimbizi kama yangu? Usiku kucha nimejiuliza hilo.

Asubuhi hii nimefika mapema. Nimeujaza ule mstari: "Maji ya pipa la kuoshea. Nilitia mimi." Nikaandika jina langu lote. Chini yake: "Viazi vyote vichemshwe, vizikwe. Kisipandwe hata kimoja." Daftari liko mezani kwake, wazi. Anaingia saa mbili. Zimebaki dakika kumi na tano, na ningeweza bado kuuchana ule ukurasa. Nimekaa juu ya mikono yangu, naitoa tu kukuandikia.

Gari lake linaingia getini.

Pumzika, Papa yangu. Nakuahidi, wakiniachia sanduku lako nitalisugua kwa klorini ubao kwa ubao kabla ya kupanda tena. Wasiponiachia, nitajenga jingine, hata dogo la kukaa barazani.

Ukitaka kunijia ndotoni, usinitafute hapa kazini Mobeni, huenda nisiwepo tena. Njoo nyumbani Umbilo, lile jengo lenye saluni ya Mama Riziki chini. Lifti imekufa, panda ngazi hadi ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho kushoto. Ugonge polepole, tafadhali. Siku hizi nashtuka.