Tulivyojifutia Kodi ya Mkokoteni

Jumatatu, 4 Novemba 1996

Kabichi tena. Safari tatu, soko la Gikomba hadi Majengo, matope yakifika kwenye vifundo vya miguu. Mama Mwende, mwenye kabichi, alitembea mbele akinifungulia njia kwa mdomo. Mwanamke yule angefungwa kwenye lori, lori lisingehitaji honi.

Saa sita nililala juu ya mkokoteni, gunia usoni. Mafundi wa Shauri Moyo walikuwa wakigonga mabati. Ndani ya usingizi ule mlio ukawa mvua ya kwetu Bungoma. Nikamwona Rispa, mke wangu, akitoa ndoo nje ikinge maji. Nikataka kumsaidia, miguu ikakataa. Nimeamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Jumatano, 6 Novemba

Niliandike jambo hili vizuri ili nilielewe mwenyewe.

Kila mwenye mkokoteni au baiskeli hulipa kanjo, yaani baraza la jiji, kodi ya mwaka. Ukilipa unapewa kibati chenye nambari, unakipigilia ubavuni. Bila kibati, askari wa kanjo wanaubeba mkokoteni. Kodi hiyo ni ya Januari, kwa hiyo pesa ya Desemba siigusi. Na pesa ya Desemba ndiyo ingekuwa nauli. Ndiyo sababu sijaenda nyumbani miaka minne. Si uvivu. Si mwanamke mwingine. Ni kibati.

Leo maneno yamefika stendi yetu ya mikokoteni kwamba madiwani wanajadili kuifuta. Jumapili diwani wetu atakuja ukumbi wa mtaa kusikiliza watu.

Jioni nilirudi na mkokoteni mtupu kupitia njia ya nyuma. Ukungu wa moshi ulikuwa umelala juu ya paa zote. Nilihisi kama navuta kitu kisicho na magurudumu, kitu kinachoelea tu. Sikutaka kufika.

Ijumaa, 8 Novemba

Musyoka hataki kodi ifutwe. Nimeudhika naye sana.

Tumepanga mikokoteni yetu ubavu kwa ubavu kwa miaka saba. Yeye ni wa Machakos, alikuwa tarishi wa ofisi kabla ya kufutwa kazi. Ameniambia kibati ndicho kinachotulinda. Kisipokuwapo, kila mwenye mbao nne na ekseli kuukuu ataingia Gikomba, na kanjo atasema hatujulikani.

Nikamwambia yeye kwao ni karibu, anakwenda hata kwa mazishi ya shangazi na kurudi kesho yake. Alipaka magurudumu grisi hadi nikaondoka.

Jumapili, 10 Novemba

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Baada ya kanisa watu hawakwenda hata kubadilisha nguo.

Diwani alisema kodi ni mzigo wa enzi za wakoloni. Makofi. Karani mmoja mwenye baiskeli akauliza baiskeli yake inaharibu lami gani. Makofi zaidi. Kisha Mama Mwende akasimama na mwavuli wake.

"Ikifutwa mtatupunguzia bei ya kubeba?"

Hata mimi niliangalia viatu.

"Nilijua! Midomo imejaa ugali!"

Watu wakacheka mpaka diwani akapanguza macho.

Musyoka akasema yake, polepole, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Vijana wa nyuma wakapiga kelele, "Keti mzee, chai imepoa!" Aliketi. Nilifurahi alipoketi. Ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Halafu mkono wangu ukainuka. Sijui nani aliuinua. Nilisema hivi: barabara wanapita wenye magari, sisi wanatupigia honi tushuke mtaroni. Kwa hiyo kila Januari mimi nalipia mtaro. Nikasema nina mtoto aliyekuwa wa kubebwa nilipomwacha, sasa anakwenda shule. Nikaishiwa maneno nikakaa.

Diwani akaomba wanaotaka kodi ifutwe wainue mikono. Ilikuwa kama shamba la mahindi. "Basi wananchi wameifuta!" akasema. Tulitoka tukiimba.

Jumatatu, 11 Novemba

Stendi nzima tumebandua vibati. Mtu mmoja alianza kwa nyundo, wote tukafuata. Tulimpelekea fundi wa koroboi, akavikata na kuvipinda mbele yetu. Changu kimekuwa kifuniko cha koroboi ya mtu nisiyemjua. Ubavuni mwa mkokoteni pamebaki mraba msafi, mbao mpya kabisa, kama ngozi chini ya saa ya mkono.

Ni Musyoka tu aliyekiacha chake. Tumemcheka siku nzima. Nilimwita tarishi wa kanjo. Watu walipenda neno hilo, nikalirudia.

Jumanne, 12 Novemba

Nimemwandikia Rispa. Kodi imefutwa. Nakuja Krismasi. Mwambie Nafula baba anakuja. Nimeitia barua sandukuni mwenyewe.

Alhamisi, 21 Novemba

Siku nzuri hizi, sijui zinapita wapi. Navuta mzigo na mwili uko hapa, mimi siko. Leo kwenye kilima cha kutoka mtoni niliona miwa pande zote mbili za barabara, mirefu, inanong'ona. Gari la mkate lilinipigia honi nikaona ni ng'ombe wa baba. Nimetabasamu peke yangu kama mlevi. Mama Mwende ameuliza kama nina malaria.

Nimenunua gauni la rangi ya samawati. Sijui Nafula ana urefu gani. Nilimwonyesha mwuza nguo kwa mkono, hapa, nikapandisha kidogo, nikashusha. Akachukua la katikati.

Jumanne, 26 Novemba

Wamechukua mkokoteni.

Lori la kanjo liliingia stendini saa tatu asubuhi. Mikokoteni kumi na mmoja. Tuliwaambia kodi imefutwa, sisi wenyewe tuliifuta, diwani alikuwapo. Askari mmoja mwenye sweta alinitazama bila ubaya wowote.

"Mlifutia wapi, mzee?"

"Ukumbini."

"Ukumbini mlikuwa mnaongea tu."

Tena akasema kwa upole. Afadhali angenipiga.

Waliupita wa Musyoka. Askari aligusa kibati chake kwa rungu, akaendelea.

Alhamisi, 28 Novemba

Nimefika kwenye uwanja wa kanjo. Mikokoteni imelundikwa huku magurudumu yakitazama juu. Mvua inanyesha juu yake. Wangu niliuona chini kabisa. Niliutambua kwa ule mraba.

Karani wa pale amesema madiwani bado wanajadili na kikao kimeahirishwa hadi mwaka ujao. Hata ikifutwa, mwaka huu kibati bado ni sheria. Nilipe faini na kodi ya Januari pamoja, nichukue chombo changu. Desemba ikiisha, visivyokombolewa vinapasuliwa kuni.

Nauli yangu inatosha kukomboa. Inatosha kwenda nyumbani. Haitoshi vyote viwili. Na barua imeshafika, najua imefika.

Diwani hapatikani. Wenzangu wanamtukana. Mimi nashindwa. Yeye alisema neno moja tu, nyundo tulishika sisi.

Jumatatu, 2 Desemba

Siku tatu nilikaa ukutani nikitazama wenzangu wakipita na mizigo begani. Leo Musyoka alisimamisha mkokoteni wake mbele yangu. Magunia sita ya viazi.

"Shika upande huo."

Tumevuta pamoja mpaka saa kumi, bega kwa bega, mpini mmoja. Kuvuta wawili kuna usingizi wake. Miguu inapatana, kichwa kinaachiliwa. Pale kwenye mteremko wa Majengo nilisahau kabisa ni kipi kiwiliwili changu.

Nilimwomba radhi kwa lile neno la tarishi. Akasema, "Lakini nilikuwa tarishi." Tukacheka hadi viazi viwili vikaanguka.

Baadaye nilimwambia ninachofikiri sasa. Kitambulisho changu kinasema nimezaliwa Bungoma. Nyumba ninayolala ina jina la mtu mwingine. Mji huu wote, ni kile kibati tu kilichokuwa kinasema nipo. Na bado kodi ile ni mbaya, sijabadilika. Vyote viwili ni kweli. Musyoka akasema ndiyo sababu madiwani hawamalizi.

Ameniambia nilipe. Mtu bila mkokoteni Januari atakula nini, na mke na mtoto watakula nini.

Ijumaa, 13 Desemba

Nimepanga foleni ya kanjo tangu saa mbili. Pesa ndani ya soksi.

Foleni ilikuwa ndefu, inazunguka ukuta. Jua lilikuwa jembamba, la baada ya mvua. Nilisinzia nimesimama, nadhani. Niliona Nafula amekaa kwenye jiwe la mbele ya nyumba, yeye akimtazama usoni kila anayepita, kisha akitazama chini tena. Sura yake sikuiona. Nilijaribu kumtengenezea sura, nikaweka ya Rispa, nikaweka ya mama, nikaweka ya mtoto wa jirani wa hapa Shauri Moyo. Hakuna iliyokaa.

Mtu wa nyuma alinisukuma. "Mzee, songa, ni wewe."

Dirisha lilikuwa wazi. Karani alinyoosha mkono bila kuinua macho. Nikasema samahani, nikatoka kwenye foleni. Mwenye kunifuata akaingia nafasi yangu haraka kabla sijabadili nia.

Nilitembea mpaka kituo cha basi la usiku nikakata tiketi. Naogopa. Nimefanya ujinga na ningeufanya tena.

Jumapili, 22 Desemba

Nyumbani. Siku ya nane, au ya tisa.

Nalala sana. Naamka mchana nasikia kuku wakiparura ukuta, nalala tena. Rispa hamzuii mtu yeyote kupiga kelele, lakini hakuna anayepiga.

Nafula alinipa mkono siku ya kwanza kama anavyopewa mgeni wa kanisa. "Mulembe," akanisalimu kwa lugha ya kwetu. Kisha akajificha jikoni. Gauni ni fupi. Analivaa kila siku.

Jana nilimwambia Rispa ukweli kuhusu mkokoteni. Alikuwa akichambua mboga. Alichambua hadi zikaisha. Akasema ameona mabega yangu nilipokuwa nikioga, na kwamba Januari ni mbali kidogo. Kisha akaniletea chakula.

Leo asubuhi mtoto amekuja mlangoni na ndoo mbili. Kisima cha zamani kimekauka, kuna kingine, sikijui. Akanipa ndoo kubwa. Njia ilikuwa na umande, nyembamba, nyasi zikigusana kutoka pande zote. Sijazoea kutembea nyuma ya mtu. Nilipunguza hatua nisimkanyage visigino.

"Ni mbali?" nikamwuliza.

"Si mbali, baba," akasema, bila kugeuka.