Kofia ya Mkwe

Kismayu, 20 Oktoba 2024

Kwa baba yangu Mahir,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima. Bibi anakohoa, lakini ulimi wake haukohoi, kutwa anagombana na kuku wa jirani yetu Mwanaasha. Wewe je? Kifua kimeacha kubana, au lile vumbi la mawe bado linakuandama?

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwa simu wewe husema "sawa, sawa" halafu unakata. Tena kuna kifurushi, na simu haibebi kifurushi.

Posa ya Shihab imekubaliwa. Ndiye yule niliyekutajia, anayebeba samaki kwa bajaji kutoka bandarini. Nikaha ni Ijumaa ya pili baada ya Idd Ndogo, inshallah. Desturi ya nyumba yetu unaijua kuliko mimi: baba wa bibi arusi humshonea mkwewe kofia kwa mkono wake, naye huozwa akiwa ameivaa. Ami Aboud alisema atashona yeye, maana wewe uko mbali. Nimemkatalia. Ami hushona ya yatima, na mimi mama ndiye aliyenifia. Baba ninaye.

Bafta hii nimeichora mwenyewe, na matobo nimeshayatoboa. Wewe kazi yako ni kuyazungushia uzi, kisha kuunganisha. Huo uzi mwekundu wenye fundo ni kipimo cha kichwa cha Shihab. Ana kichwa kikubwa, usicheke. Usiupoteze.

Bibi anakusalimu na anauliza kama huko bara mnakula samaki.

Mwanao,
Afnan


Juja, 9 Novemba 2024

Mwanangu Afnan,

Waaleikum salaam. Mimi mzima, alhamdulillahi, kifua kinabana asubuhi, hufunguka jua likipanda. Mwambie mama yangu kwamba samaki wa huku ni wa bwawani, wana ladha ya tope, naye asiniulize tena maana naona njaa.

Kifurushi kimefika kwa mkono wa Hussni, msafiri wetu wa mashua, na bahari haikukigusa. Nilikifungua mbele ya wenzangu wa machimboni. Wakaniuliza mwanamume mzima nafanya nini na kitambaa cha maua. Nikawaambia kwetu kofia hushonwa na wanaume pia, marehemu babangu alishona huku anavuta tumbaku kwa buruma. Wakasema basi niwashonee na sidiria. Ni watu wazuri, lakini hawana adabu.

Maua yako nimeyatazama sana. Nilipoondoka ulikuwa hujui hata kutunga uzi sindanoni. Nani alikufunza? Si mimi. Hilo nalijua.

Nitashona. Na siku ya nikaha nitajitahidi niwepo. Najua neno hilo umelisikia kabla ya Idd nyingi, wala sikulaumu ukilipita bila kulisoma.

Huyo Shihab mwambie nasema awe na subira na wewe. Una kichwa kigumu, umekirithi.

Babako,
Mahir


Juja, 22 Desemba 2024

Mwanangu Afnan,

Salaam nyingi zikufikie wewe na mama na jamaa wote. Huku asubuhi kuna baridi, tunaanza kupasua mawe tumevaa majaketi.

Kofia hiyo, imekwisha. Nimeishona kila Jumapili, siku yetu ya kupumzika, nimekaa juani nje ya kibanda. Ilinipa taabu mwanzo, baadaye mkono ukakumbuka. Naona imetoka vizuri, au vipi? Kipimo nimekifuata. Mvishe Shihab, umwambie ni mkono wa mkwewe.

Sina zaidi. Nimechoka leo.

Babako,
Mahir


Kismayu, 8 Januari 2025

Baba,

Asalaam aleikum. Tumeamka salama. Nakuombea nawe uwe salama, na hilo nalisema kwa moyo, ingawa yanayofuata si matamu.

Kofia imefika. Ni nzuri sana. Majirani walikuja kuitazama, Mwanaasha akasema hata dukani Mombasa haipatikani kama hiyo. Bibi haoni vizuri siku hizi, akaomba ashike. Akaigeuza, akapitisha kidole kwa ndani, tobo kwa tobo. Nikamuuliza, "Bibi, vipi?" Akasema kwa Kibajuni chake, "Aliyeshona hii ni mchu mwingine." Akanirudishia.

Baba, wewe ni mashoto. Uzi wako hulalia kushoto. Uliniuliza nani alinifunza kushona. Ulipoondoka uliacha sandukuni kofia yako uliyojishonea mwenyewe. Mimi niliifumua nusu yake, nikaishona upya huku nikiitazama ile nusu nyingine, mpaka nikajua. Ndiyo maana hata mimi, ninayeshika sindano kwa kulia, uzi wangu unalalia kushoto, na wenzangu hunicheka kwamba nashona kinyumenyume. Nashona kama wewe. Kisha unaniletea uzi unaolalia kulia na kuniambia mkono ulikumbuka.

Ungeniambia huwezi, ningelia siku moja. Hii siwezi kumvisha Shihab. Sijui ni ya nani.

Mwanao,
Afnan


Kismayu, 15 Februari 2025

Baba,

Asalaam aleikum. Bibi hajambo. Hujajibu, na simu yako inaita tu.

Ami Aboud amenunua bafta na ameanza kuchora. Anasema hakuna aibu, watu wote wanajua uko mbali. Nimeichukua ile bafta nikaificha chini ya godoro langu. Amekasirika, hajaja kula kwetu tangu juzi.

Najua siwezi kumzuia mpaka siku ya nikaha.

Afnan


Juja, 28 Machi 2025

Mwanangu Afnan,

Waaleikum salaam. Nakutakia kheri ya Idd inayokuja, wewe na mama, na Aboud mwombeni radhi kwa ajili yangu. Mimi mzima.

Sikujibu kwa sababu kila nilipoishika kalamu niliona afadhali nishike sindano.

Kofia ile alishona Mukhtari, Mbajuni mwenzetu aliye na cherehani kule Islii, Nairobi, ila kofia hushona kwa mkono. Yeye hana kosa, alidhani ananisaidia. Mwaka juzi jiwe liliniangukia mkono wa kushoto, kidole gumba kikavunjika, kikaunga vibaya. Sikukwambia. Ulipoleta bafta nilijaribu. Sindano siisikii, ngozi imekuwa kama kisigino, nikatia damu kwenye ua la kwanza. Lakini nisikudanganye tena kwa kidole. Ningeweza kuendelea na damu yangu. Nilichoka, na Jumapili nilitaka kulala, na nikajiambia mtoto anataka kofia, atapata kofia, tena nzuri kuliko yangu. Miaka yote nimekuletea vitu vizuri vya mikono ya watu wengine, nguo, viatu, hukuwahi kulalamika. Nikazoea.

Barua yako ya Januari niliisoma machimboni. Nikaikunja, nikarudi kazini, nikapasua jiwe vibaya mpaka msimamizi akanifokea. Ile habari ya sandukuni, kwamba ulikaa na kofia yangu ukanifuata tobo kwa tobo na mimi sipo. Naandika tu ujue nimeisoma.

Hii ndani ya kifurushi nimeishona mimi. Bafta nilinunua mwenyewe, maua nimechora kwa kukumbuka yako. Wenzangu wameacha kucheka, mmoja hunitungia uzi kwa sababu gumba halishiki. Si nzuri. Upande mmoja matobo ni makubwa, hapo ndipo nilipoanzia. Imeingia vumbi la mawe, nimeifua na bado ina rangi ya maziwa ya jana.

Uzi mwekundu Mukhtari aliutupa pamoja na mabaki. Sikuwa na uso wa kukuomba mwingine. Nimekisia.

Kwenye nikaha sitawahi. Tumepewa likizo ya Idd tu, na nikiondoka kabla ya mwezi wa Mei kibanda na kazi vinakwenda kwa mtu mwingine. Hiyo ndiyo sababu. Haitoshi, najua.

Babako,
Mahir


Kismayu, 20 Aprili 2025

Baba yangu mpenzi,

Asalaam aleikum warahmatullahi. Mimi ni mke wa mtu sasa, na hali yangu ni njema. Bibi alicheza kwenye arusi akishikwa huku na huku, kesho yake miguu ikamvimba, akasema ilistahili.

Kofia ilifika Jumatano, nikaha ikiwa Ijumaa. Bibi akapitisha kidole kwa ndani. Alifika kwenye matobo makubwa akasimama, akaendelea, akajifunika nayo usoni. Kisha akasema, "Huyu namjua." Ami Aboud naye akaishika, akaigeuzageuza, akasema mshono mbovu kama huu hajauona Kismayu nzima. Halafu akaniuliza bafta yake iko wapi, amshonee mjukuu. Amerudi kula kwetu.

Ijumaa ikaja Shihab akaivaa. Baba, haikuingia. Ilimkaa utosini kama kikombe cha kahawa juu ya nazi. Wenzake wa bajaji walijiuma midomo. Kadhi mwenyewe alimtazama, akatazama chini. Akina ami wakamletea ile ya Mukhtari, inayomkaa sawasawa, wakamwambia avae hiyo, watu wanatazama. Akakataa. Akasema, "Nimeambiwa ya mkwe ni hii." Akaozwa ameishikilia kwa mkono mmoja isianguke, na mkono wa pili amempa ami anayeniozesha. Ndivyo nilivyosimuliwa, na mimi chumbani nilikuwa nawasikia wanaume wakicheka na nikacheka na kulia.

Baadaye Bibi aliomba ile kofia ya sandukuni. Akaziingiza moja ndani ya nyingine. Zililingana, hazikuzidiana hata upana wa uzi. Ulisema umekisia. Hukukisia, baba. Kila ulipotaka kujua imefika wapi uliijaribu kichwani mwako, ndivyo Bibi anavyosema, na mimi naona anasema kweli.

Shihab anasema ya desturi ameshatimiza, ameozwa nayo, na sasa anairudisha kwa mwenyewe. Hussni alikuja jana kuuliza kama nina kifurushi cha kupeleka. Nimemwambia sina. Kofia nimeitundika ukutani, karibu na mlango. Vumbi lake sikulifua.

Idd Kubwa ni mwanzoni mwa Juni. Mei itakuwa imepita.

Barua hii usiijibu kwa karatasi.

Mwanao,
Afnan