Picha za Vyumba Hazirudi

Jumatatu, 6 Septemba 1999
Dada Rukhsana kanipa nitengeneze ukurasa wa intaneti wa gesti moja hapa Shinyanga, ili wageni wa migodi wausome huko kwao. Kwake nilianza kwa kufagia duka lake la simu na kompyuta, sasa nachapa. Anataka mtu akibonyeza neno Vyumba, picha zitokee. Akibonyeza tena, zijifiche. Kasema, ukiliweza hili Mama Esta, siku hiyohiyo nakuajiri. Kazi kweli! Esta kalala chini ya meza, juu ya kanga yangu.

Jumatano, 8 Septemba
Kuficha nimeweza. Picha zinakwenda, hazirudi. Kitabu cha kompyuta cha Rukhsana kimeliwa na mchwa hapohapo panapoeleza kurudisha. Anasema mifano imejaa kwenye intaneti, ila laini ya simu ni moja na wateja wanapiga kutwa. Tungoje Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini simu hupumzika.

Jioni mayu, mama mkwe wangu, kaja na neno. Baba Esta kaagiza kutoka Geita, nimfuate machimboni. Lori la Donatus la kwenda huko linaondoka Ijumaa. Nikasema mayu, nina kazi naingojea. Akasema, kwani ng'ombe wetu wa mahari walitolewa ukabonyeze mashine? Kaondoka na beseni la kumwogeshea Esta. Liko kwenye mizigo tayari.

Alhamisi, 9 Septemba
Mayu kalegeza kidogo. Nikipata kazi, atamwambia mwanawe yeye mwenyewe. Nikikosa, napanda lori. Kule wanalala kwenye turubai. Esta na kifua chake kile.

Ijumaa, 10 Septemba
Rukhsana kapiga namba ya intaneti ya Mwanza. Mashine ikalia kama chura, ikashika. Ukurasa unashuka mstari mmoja mmoja. Naandika huku nangoja. Esta kaenda na bibi yake kununua maandazi.

Mfano huu hapa. Kumbe kwanza unaiuliza picha, uko wazi au umefichwa? Ndipo unaiamuru. Mimi nilikuwa naamuru tu, bila kuuliza.

Nimechapa. Nimebonyeza, zikajificha. Nimebonyeza tena — vyumba vyote hivi hapa. Rukhsana kacheka, haya mfanyakazi wangu, karibu.

Honi nje. Lori la Donatus. Mayu kaketi mbele, Esta mapajani. Hashuki kuniuliza. Rukhsana anasema kimbia ukamwambie. Esta ananipungia na andazi lake, anadhani naja kupanda. Injini haijazimwa, nakimbia kumwambia —