Tumemsahau Mama Mkwe Jangwani

Shoga, mtandao ndio umerudi. Tumemsahau mama mkwe jangwani. TUMEMSAHAU!

Pancha ya asubuhi na rejeta kuchemka, hayo nilishayazoea. Lakini tuliposimama kwenye korongo kupiga picha, kumbe mama naye alishuka kujisaidia nyuma ya mwamba. Mimi nikaona shuka limejikunja kiti cha nyuma, nikamwambia mume wangu, "Twende, mama kalala."

Kilomita ishirini! Nageuka nimpe maji, nashika shuka tupu.

Mume wangu aligeuza gari kwa kasi, jua linachoma, na maji yote tunayo sisi. Nililia njia nzima.

Tumemkuta kwenye kivuli chembamba cha mwamba, midomo imemkauka, kiatu kimoja kilimvuka akitukimbilia. Alimaliza chupa nzima bila kupumua. Nikapiga magoti. "Mama nisamehe, nilidhani umelala."

Akanitazama weee. "Ulidhani. Hukuniita hata mara moja?"

Hata mara moja, shoga.

Sasa kakaa mbele. Mimi niko nyuma nakuandikia, na safari imebaki siku tatu.