Banda Halivunjwi

Gitothua, Ruiru
9 Juni 2025

Mpendwa kaka Ephantus,

Natumai barua hii inakukuta mzima huko Winnipeg, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua. Sisi huku tunaendelea vizuri. Mama bado yuko Thika, anakohoa kidogo kwa baridi ya Juni, lakini nguvu ya kugombana na watu haijampungukia.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Maxine, binamu yetu, anasafiri kuja huko, nikamwekea barua mkobani. Hii huwezi kuikata.

Ulisema, "Emmah, wachana na hizo kuku. Tupatie watu wa car wash hiyo ploti, urudi Thika ukae na Mama." Nimekataa. Ploti Baba alituachia sote wawili, hilo nalijua, lakini banda nililijenga mimi na halivunjwi.

Ni kweli, Januari ugonjwa wa Gumboro ulinimalizia karibu vifaranga wote. Nililia, sikufichi. Na kwa kuwa walikuwa wamepewa chanjo, ukasema chanjo ni uongo na mkono wangu una kisirani. Kisirani, Ephantus! Mimi niliyekulelea sungura wako ukiwa bweni!

Sasa nisikilize. Dianah, daktari wa mifugo, alimpasua kifaranga mmoja aliyekufa mbele yangu akanionyesha kifuko kidogo karibu na tundu la nyuma, kimevimba na kuwa chekundu. Hapo ndipo chembe za damu za kuku hujifunza kutengeneza silaha za kupigana na magonjwa. Gumboro hushambulia shule yenyewe. Chanjo ni kirusi kilekile kilichopunguzwa makali. Mwili hukutana nacho, huishika sura yake, hutengeneza silaha za kukipiga hicho tu, kisha huweka kumbukumbu. Siku kile kikali kinapobisha hodi, kinakuta kimeshajulikana.

Mbona basi walikufa? Kwa sababu ya mapenzi. Unakumbuka tulivyoteseka na maji ya kisima yenye chumvi. Mfereji ulipofika hapa kwetu, Mama, aliyekuwa amekuja kuniona, alifurahi akasema hata vifaranga waonje maji safi, basi tukawachanganyia chanjo humo. Kumbe maji ya mfereji yana dawa ya kuua vijidudu, na chanjo ile ni kijidudu kilicho hai. Iliuawa ndani ya ndoo. Vifaranga wangu walikunywa maji matupu.

Nikanunua wengine. Safari hii nilikinga maji ya mvua, nikatia chanjo na maziwa ya unga kidogo ya kuilinda, kama Dianah alivyoniagiza, nikawaacha kwanza waone kiu ili kila mmoja anywe. Walipiga kelele hadi Mama, aliyekuwa amenitembelea tena, akaniita katili.

Mwezi uliopita Gumboro ilirudi. Ilianza kwa Kaveke, jirani tunayepakana naye ukuta. Kila asubuhi nilifungua banda roho mkononi, nikitafuta aliyejikunyata. Sikumpata. Walinikimbilia wakanidonoa vidole wakitaka chakula, nami nikasimama pale nikicheka peke yangu kama mwehu. Kaveke mwenyewe alikuja na mtungi akasema, "Mama kuku, niwekee hayo maji ya mvua kidogo. Nataka kuanza tena."

Kwa hiyo waambie watu wa car wash watafute kwingine. Usiniombee nirudi Thika, niombee mvua. Yule dada uliyemsikia akilia Januari hakuwa ameijua hasara. Mimi sasa naijua sura yake, na ikirudi haitanikuta mgeni.

Msalimie shemeji Jentrix na umbusu Wangechi mdogo. Mama anakusalimu, anasema uvae soksi. Mungu akulinde katika baridi hiyo na akurudishe nyumbani ule yai la banda unalotaka kulivunja.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na nisiyehama,
Emmah